Zamu tatu za kwanza

Mzee alikuwa anaizima redio yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa namfanyia karibu kila kitu, namuogesha, namkatia nyama kwenye sahani, namfunga viatu, lakini ile redio ndogo ya betri iliyokaa kwenye stuli pembeni ya kiti chake alikuwa hataki mtu aiguse, na zamu ya tatu ya mechi ya besiboli ikiisha tu anapapasa mpaka anaikuta, anazungusha kile kitufe cha ubavuni mpaka kinalia tik, halafu anakaa kimya mikono mapajani. Mechi bado ipo, imebaki zaidi ya nusu, timu yake ndo inacheza, na yeye kazima. Mara ya kwanza nilidhani amechoka nikaanza kuandaa kitanda, akaniambia hapana, sijachoka, ila kashaondoka.

Hapo ni Los Angeles mwaka 2014, na kazi yangu ndo hiyo tunayoijua wengi tulioko huku, kulea wazee. Mi mtoto wa Tanga, nimefika Marekani 2011, nikabeba maboksi kwanza kama wenzangu, afu mwanzoni mwa 2013 nikapata hii ya kukaa na Mzee. Mzee mweusi, mzaliwa wa Louisiana, kahamia California akiwa kijana miaka ya hamsini, kaendesha basi miaka mingi mpaka kastaafu, na macho yake yalishakwenda kwa presha ya macho, alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Nilimuita Mzee tangu siku ya kwanza, akaniuliza maana yake nini nikamwambia kwetu ni heshima, akalipenda lile neno kiasi kwamba hata binti yake akipiga simu anamwambia "Mzee hajambo," kwa Kiswahili hivyohivyo.

Aliyekuwa "kashaondoka" ni Vin Scully, mtangazaji wa Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles. Utaratibu wake miaka ile ya mwisho ulikuwa hivi, zamu tatu za kwanza sauti yake inasikika kwenye redio na kwenye TV kwa pamoja, kuanzia ya nne anabaki kwenye TV peke yake, redio wanaishika wenzake. Mwaka 2013 haikuwa shida, zamu ya tatu ikiisha namshika mkono tunahamia sebuleni mbele ya TV, haoni kitu lakini anasikiliza mpaka mwisho. 2014 mechi zikahamia kwenye chaneli mpya ya kebo, kampuni za kebo na wenye chaneli wakashindwana bei, na nyumba nyingi sana za mji ule zikakosa, yetu ikiwemo. Kwa hiyo mtu aliyemsikiliza mtu mmoja tangu 1958 akabakiwa na zamu tatu kwa siku, na timu ikisafiri kwenda mbali huko mashariki Scully kwa umri wake hasafiri nayo, basi hata hizo tatu hamna. Nilikasirika kwa niaba yake mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Yeye hakulalamika, alikuwa anajipanga tu, saa moja na dakika kumi jioni mechi inaanza, saa moja kasoro robo ameshakula, ameshaenda chooni, ameshakaa, maana hataki zamu hata moja katika hizo tatu imkute sehemu nyingine.

Kwa msiojua besiboli, na mi nilikuwa siijui kabisa, kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga, akiupiga ukavuka uzio ni homurani anazunguka vituo vyote anarudi alipoanzia. Zamu tisa kila upande. Msimu wa kawaida kila timu inacheza mechi 162, yaani karibu kila siku ya Mungu kuanzia machipuko mpaka mwishoni mwa Septemba. Na sehemu kubwa ya muda huo mpira umeshikwa mkononi, mtu anausugua, anatazama huku, anatazama kule, anavuta kofia. Mtangazaji wa mpira wa miguu anakimbizana na mpira hana pa kupumulia, ila huyu wa besiboli ana dakika nyingi za watu waliosimama tu, na hapo ndo unamjua mtangazaji ni nani. Atakupigia kelele? Atakusomea namba mpaka uchoke? Au atakusimulia huyu kijana anayekuja kupiga katokea wapi, baba yake alikuwa anafanya kazi gani, halafu bila kukukatisha aingize "mpira wa chini, haukuwa mzuri," arudi kwenye stori yake palepale alipoiachia?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni aliingia kwenye nyumba za watu karibu kila jioni kwa misimu 67, kuanzia 1950 mpaka 2016, na hakuna aliyewahi kumfikiria jembe.

Scully kazaliwa Bronx, New York, mwaka 1927. Alikuwa anasimulia mwenyewe kwamba utotoni nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa ya kusimama na miguu, anajitia chini yake kwa kutambaa na maziwa yake na biskuti, kichwa kikae sawasawa chini ya spika, mechi zenyewe hazimhusu hata kidogo, za vyuo vya mbali huko, ila umati ukishangilia ile kelele inamwagika juu yake kama maji ya bomba la bafuni. Nilipomsikia akilisimulia hilo niliacha nilichokuwa nafanya. Maana baba yangu alikuwa na redio ya namna hiyo ya kuwekwa juu ya kabati, RTD, yaani Radio Tanzania, Jumamosi jioni, na mi nilikuwa nakaa chini sakafuni mgongo kwenye kabati, nausikia ule mtetemo wa Uwanja wa Taifa unapita kwenye mbao unaingia mgongoni kwangu. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani kausikiliza mpira kwa mgongo.

Scully alianza na Dodgers haohao wakiwa bado Brooklyn, New York, chini ya mkubwa wake, mtangazaji Red Barber. Na Barber naye ni wa kukumbukwa. Huyu alikuwa na kichupa cha mchanga cha dakika tatu, kile cha kuchemshia mayai, anakiweka mbele yake, kila mchanga ukiisha anataja matokeo halafu anakigeuza, kwa sababu aliwaza kuna mtu kafungua redio sasa hivi na hajui ngapi ngapi. Fikiria heshima hiyo kwa mtu usiyemjua. Na Barber alikuwa mtu wa Kusini mwa Marekani, kakulia kwenye ubaguzi, alipoambiwa na mwenye timu mwaka 1945 kwamba ataletwa mchezaji mweusi alitaka kuacha kazi, akakaa akafikiri, na mchezaji huyo, Jackie Robinson, alipoingia uwanjani 1947 Barber alimtangaza kama anavyomtangaza mtu yeyote, kapiga, kakimbia, kafika. Baadaye alihamia Yankees, timu nyingine ya New York, na Septemba 1966 siku moja kwenye uwanja mkubwa vile walilipa kiingilio watu 413 tu, akawaomba wa kamera waonyeshe viti vitupu maana habari ya siku ile ni viti, wakakataa, akasema mwenyewe hewani. Haikupita muda akaambiwa mkataba wake hauendelei. Mzee alikuwa anasema Scully kajifunza kwa Barber kutokuwa shabiki kwenye maikrofoni, na kweli, miaka yote ile hutamsikia akisema "sisi."

Timu ilipohamia Los Angeles 1958 haikuwa na uwanja wake, ikawa inachezea Coliseum, uwanja wa Olimpiki, mkubwa mno, mtu wa viti vya juu anaona wachezaji kama sisimizi. Na watu wenyewe wengi ndo kwanza wanaujua mchezo. Ndo wakawa wanakuja na redio ndogo za transista uwanjani, wanamsikiliza Scully awaambie wanachokitazama. Mzee alikuwepo. Alikuwa ananiambia hauhitaji hata ya kwako, unatembea kwenye ngazi kutafuta siti yako na hupotezi hata neno moja, sauti inakupokea mstari hadi mstari. Mwaka 1960 Scully aligundua ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi mmoja, Frank Secory, akawaambia wasikilizaji nikihesabu moja mbili tatu semeni heri ya kuzaliwa Frank, akahesabu, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa pamoja, mwamuzi wa watu kashtuka hajui imetokea wapi. Mzee kila akifika hapo anaiga kule kushtuka, anainua mabega. Na mi nilimwambia kwetu pia, mjomba wangu alikuwa haendi Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira Tanga, bila redio sikioni, macho yako uwanjani lakini hujaamini mpaka mtangazaji aseme.

Hiyo redio ya Mzee tuliyokuwa nayo sio ya enzi hizo, usidhani, ya transista ya kwanza ilishakufa. Ila alikuwa anaishika kwa namna ileile, ikikoroma anaigeuza kidogo kuelekea dirishani, kama anamgeuza mtoto aliyelala vibaya.

Sasa niseme kuhusu kunyamaza. Nilipoanza kusikiliza rekodi za zamani za Scully, maana Mzee alinituma nizitafute kwenye simu, nilitegemea maneno makubwa. Kuna ile ya tarehe 9 Septemba 1965, Sandy Koufax karusha mechi nzima bila mpigaji hata mmoja wa Cubs, wapinzani wao, kufika kituo, zamu ya tisa Scully anaitangaza taratibu anataja saa, anataja tena saa, kwa sababu alijua kijana yule ataitunza ile rekodi maisha yake yote na atataka kujua ilikuwa saa ngapi. Saa tatu na dakika 46 usiku, anasema, katika Jiji la Malaika, Los Angeles, California, na watu 29,139 wameketi. Mi bado nasisimka nikiandika. Na kabla hajayasema hayo, mpigaji wa mwisho anakosa, Scully anasema, na anafunga mdomo. Umati peke yake. Muda mrefu. Kile kitoto cha chini ya redio ya miguu ndo kinakumwagia wewe maji yake sasa.

Hivyohivyo tarehe 15 Oktoba 1988, mechi ya kwanza ya fainali, Kirk Gibson miguu yote mibovu hawezi hata kukimbia, kaitwa apige mara moja tu mwisho wa mechi, kapiga homurani, Dodgers wameshinda 5 kwa 4. Scully kasema imekwenda, na baada ya hapo zaidi ya dakika nzima hasemi kitu, unamuona tu Gibson anachechemea anazunguka vituo, watu wamechanganyikiwa, ndo anakuja na ile sentensi yake kwamba katika mwaka ambao mambo yake yalikuwa hayatarajiwi, lisilowezekana limetokea. Dakika nzima kwenye matangazo, jaribu wewe kukaa kimya dakika nzima hata mezani kwenu na wageni wapo.

Lakini ya Mzee ilikuwa ni ya 1974. Tarehe 8 Aprili, Atlanta, Dodgers wako ugenini, Hank Aaron wa Atlanta ana homurani 714 sawa na Babe Ruth, mzungu aliyeishika rekodi, na miezi yote ile anapokea barua za kumtisha kumuua kwa sababu mtu mweusi anataka kuivunja rekodi ya yule bwana. Anaipiga ya 715. Scully anaitangaza, inavuka, anaondoka kwenye maikrofoni anaenda nyuma ya chumba, umati unalia na fataki zinalipuka, anawaacha. Halafu anarudi anasema ni tukio la ajabu kiasi gani kwa nchi na dunia, mtu mweusi anasimamiwa na kupigiwa makofi katika Kusini ya ndani kabisa kwa kuvunja rekodi ya shujaa wa besiboli wa enzi zote. Mzee alikuwa kwenye gereji ya mabasi jioni ile anasubiri kubadilishana shifti na redio ipo juu ya dawati. Aliniambia mle ndani walikuwa weusi na weupe na Wameksiko, na Scully alipolisema lile neno, mtu mweusi, Kusini, hivyo hewani kwa upole vile, hakuna aliyemtazama mwenzake. Yeye katoka Louisiana. Alitoka nje akasimama kati ya mabasi mawili. Hakuniambia alifanya nini pale na mi sikumuuliza.

Mke wa Mzee, ambaye mi sikumkuta, alikuwa Mmeksiko, na nyumba ile ilikuwa na redio mbili. Sebuleni Scully kwa Kiingereza, jikoni Jaime Jarrín kwa Kispanyola. Na kama mi ningetakiwa kuchagua wa kumwandikia peke yake ningemwandikia Jarrín, maana stori yake ndo yetu. Mtu wa Ecuador, kafika Los Angeles 1955 akiwa na miaka 19, kaanza na kazi ya kiwandani, besiboli hajawahi kuiona maishani. Redio ya Kispanyola ya mji ule ikapata mechi za Dodgers, akaomba apewe muda ajifunze huu mchezo kwanza, na kuanzia 1959 akakaa pale misimu 64, mpaka 2022. Miaka ya mwanzo kina Jarrín hawakuwa wanasafiri na timu, mechi za ugenini walikuwa wanazitangaza wakiwa studio Los Angeles, masikioni wanamsikiliza Scully kwa Kiingereza, mdomoni kinatoka Kispanyola. Na Scully, kwa maelezo ya Jarrín mwenyewe, alikuwa anawasaidia. Mzee alinisimulia kwamba kwa ajili hiyo jikoni walikuwa nyuma kidogo ya sebuleni, kwa hiyo yeye akishangilia mkewe anatoka na mwiko mkononi anamwambia nyamaza, usinimalizie mechi! Ikafika mahali akijua mpira umetoka anaziba mdomo kwa mkono mpaka asikie kelele ya jikoni.

Mwaka 1981 alipokuja Fernando Valenzuela, mrushaji wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, hajui Kiingereza, mji mzima umerukwa na akili kwa ajili yake, Jarrín ndo alikuwa mkalimani wake kwa waandishi. Kuna familia nyingi za Wameksiko pale zilizoanza kuingia uwanjani mwaka ule na hazijatoka mpaka leo. Mimi naelewa. Mtu akikueleza nchi ngeni kwa lugha ya mama yako, ile nchi inakaa vizuri kidogo mgongoni.

Desemba 2014, besiboli hamna, mvua ya siku nzima ambayo kwa Los Angeles ni habari, Mzee kakaa kanyong'onyea akaniambia nitangazie mpira wa kwenu. Nikamwambia hutaelewa Mzee. Akasema hata Kispanyola cha jikoni sikuelewa miaka arobaini, tangaza. Nikasimama katikati ya sebule na taulo yake begani, nikafumba macho, nikawapeleka Mkwakwani, Coastal na African Sports, timu zetu mbili za Tanga, sijui hata ni mwaka gani, wachezaji niliwatunga majina ya watoto wa mtaani kwetu. Anaambaa ambaa wingi ya kulia, anampiga chenga wa kwanza, anampiga chenga wa pili, anamimina majalo, kichwaaaa... na unapaa sentimita chache juu ya mtambaa panya! Nikafungua macho. Mzee kashika mikono ya kiti, kainama mbele. "Kakosa, eh?" Nikamuuliza umejuaje. Akasema nimeusikia ukishuka kwenye sauti yako. Halafu akataka kujua aliyempa pasi ni nani.

Alifariki Februari iliyofuata, kabla msimu haujaanza. Binti yake aliniuliza nataka kitu gani cha kumkumbukia, nikasema redio.

Nikaendelea kusikiliza peke yangu, nikawa natafuta na wengine, na nikagundua karibu kila mji una Scully wake na watu wake wako tayari kukugombeza ukimsifu wa kwako. Detroit ni Ernie Harwell. Huyu mwaka 1948 Brooklyn walimtaka kwa sababu Red Barber alikuwa mgonjwa, timu yake ya Atlanta ikasema hatumtoi bure, ikabidi Brooklyn iwape mdakaji mmoja, Cliff Dapper, yaani mtangazaji kabadilishwa na mchezaji, haikuwahi kutokea kabla wala baada. Harwell aliitangaza Tigers kuanzia 1960 mpaka 2002, kasoro mwaka 1992 walipomuondoa, mji ukachachamaa mpaka 1993 akarudishwa. Kila mwanzo wa msimu alikuwa anafungua kwa maneno ya Wimbo Ulio Bora, yale ya baridi imepita na mvua imekwisha na sauti ya hua imesikika nchini. Nilienda kuyatafuta kwenye Biblia ya mama yangu, ile ya zamani, nikakuta wametafsiri "kaskazi imepita." Mtafsiri wa pwani atajuaje theluji, kaweka kaskazi, na mi mtoto wa Tanga ile kaskazi naijua inavyokauka puani na jahazi zinavyokuja nayo, kwa hiyo sasa msimu wa besiboli ukifunguka kwangu ni kusi inaanza. Septemba 2009 Harwell alishaambiwa ana saratani isiyotibika, akaitwa uwanjani akawaaga watu akiwa amesimama mwenyewe, anawashukuru wao. Alipofariki Mei 2010, akiwa na miaka 92, mwili wake uliwekwa uwanjani na watu zaidi ya elfu kumi walipita mbele yake usiku na mchana.

Kuna tuzo yao pia, ya Ford C. Frick, wanapewa watangazaji tangu 1978 na Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, wa kwanza walikuwa Mel Allen na huyohuyo Red Barber. Scully kapewa 1982, Harwell kabla yake 1981, Jarrín 1998. Nimefurahi ipo. Nasi hatuna ya namna hiyo na inaniuma, kwa sababu mwaka 2025 ulitupiga vibaya. Januari kaondoka Bob Uecker wa Milwaukee, miaka 90, misimu 54 kwenye redio ya mji aliozaliwa, huyu alikuwa mchezaji wa kawaida tu aliyewachekesha watu kwa kusimulia alivyokuwa hawezi kupiga, na sanamu yake nyingine wameiweka juu kabisa kwenye siti za mwisho uwanjani, kakaa kama shabiki. Februari kaondoka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kule Kenya. Mei kaondoka Charles Hilary wetu, sauti ya RTD ya utoto wangu. Wa Milwaukee walijua pa kwenda kuweka maua. Mi siku ya Charles Hilary nilikaa kwenye gari nje ya kazini nikatafuta kwenye simu rekodi ya mechi moja tu, mechi yoyote, ya zile za RTD za Jumamosi. Nilitafuta mpaka muda wa kuingia ukapita. Jamani wenye kanda majumbani, wajomba zetu waliokuwa wanarekodi kwenye kaseti za dakika tisini, msizitupe.

Na siku hizi kazi yenyewe inabanwa. Tangu 2023 mrushaji ana sekunde 15 tu kama hakuna mtu kwenye vituo, mechi zimekuwa fupi na watu wengi wamefurahi, siwalaumu, ila kila nikiona ile saa inahesabu najua ni stori ya baba wa mpigaji inakatwa hapo.

Scully alistaafu 2016. Mechi zake sita za mwisho zilirushwa kwenye chaneli ya bure, mwishowe, mji wote ukamuona, zamu zote tisa. Ya mwisho kabisa ilikuwa San Francisco tarehe 2 Oktoba. Mi nilikuwa kwa mzee mwingine, wa kwao Ufilipino, hana habari na besiboli, kalala. Nikaweka sauti chini kabisa nikakaa na redio ya Mzee mkononi, haijawashwa, naangalia TV.

Tarehe 2 Agosti 2022 akafariki, miaka 94. Kesho yake jioni nikashuka basi pale Sunset, barabara ya kupandia uwanjani siku hizi inaitwa Vin Scully Avenue, nikapanda kwa miguu mpaka kwenye lile bango la kukaribisha wageni. Maua yamejaa, mishumaa, kofia za bluu, barua za watoto, mtu kaweka chupa ya maziwa na pakiti ya biskuti. Mama mmoja wa Kimeksiko alikuwa anasali kwa sauti ndogo na mjukuu kamshika sketi. Timu ilikuwa San Francisco inacheza, gari moja iliyoegeshwa imefunguliwa milango na redio inaunguruma. Nikatoa ya Mzee mfukoni, nikaweka kituo kilekile, nikaigeuza kidogo mpaka ikaacha kukoroma, nikasimama na watu ambao siwajui tukasikiliza.

Zamu ya tatu ilipoisha nikaizima. Nikakaa nayo mkononi kidogo, betri zimepata joto, afu nikateremka kituoni maana shifti yangu ilikuwa inaanza saa tano.